Pini Mdomoni

Karatu nzima ilimjua kama mzee asiyeitikia shikamoo. Ukimkuta amesimama kati ya gari na tela, ukamwamkia kwa heshima zako zote, alikutazama tu kisha akaendelea na kazi. Kina mama wa sokoni walimsema. Katekista mmoja alipita yadini kwetu kazini, akamsalimu mara tatu, akaondoka akiamini kwamba mzee ana jambo naye. Kumbe hakuwa na jambo na mtu. Alikuwa na pini mdomoni.

Ile pini ni kipande cha chuma kisichozidi kidole, mwishoni kimefungwa kitambaa chekundu ili kisipotee kwenye majani. Ukishaliingiza tela kwenye ndoano ya gari na kulifunga taya lake, unaipitisha pini kwenye tundu, na hapo taya haliwezi kufunguka hata barabara iwe mbaya namna gani. Ni kazi ya sekunde mbili. Yeye aliiweka pini kati ya meno tangu anapoanza kuunganisha, na haikutoka mpaka inaingia tunduni. Kwa muda huo hakusema na mtu yeyote, awe tajiri wa kampuni au askofu.

"Wewe mtu wa Moshi," aliniambia wiki ya kwanza, "mdomo wako una kazi nyingi mno. Ukifunga tela, upe kazi moja tu."

Tulimwita Mzee wa Tela. Mimi nilikuja Karatu kutafuta riziki, nikapata upishi kwenye kampuni ndogo inayopeleka wageni kulala porini, kwenye mahema yanayohamishwa kila baada ya siku mbili tatu. Wageni walitangulia na kiongozi wao kwenye gari la kutazamia wanyama. Mzee na mimi tulifuata na gari la kambi, na nyuma yetu tela lenye mahema, magodoro, maji, gesi, chakula, mpaka choo. Miaka sita nilikaa kiti cha kushoto, yeye akiwa kwenye usukani.

Nimejaribu mara nyingi kumsimulia mtu huyu mbele za watu nikashindwa, kwa sababu kila ninapoanza kumsifu nasikia aibu inapanda mpaka masikioni. Nilimfanya aamini kwamba akili yake imeanza kumtoka, na wakati ule haikuwa imeanza. Hilo nitalifikia, sina pa kulikwepa. Lakini kwanza mjue nilimfanyia mtu wa namna gani.

Alikuwa mtu wa vilima vya juu ya Karatu, mkulima wa mahindi na ngano, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Mbulu ambayo hakujisumbua kuificha. Kupakia tela kwake kulikuwa kama kupanga watu kanisani. Kizito kilikaa chini, mbele kidogo ya magurudumu. Chepesi kilikaa juu na nyuma. Tukimaliza aliinama, akashika mkono wa tela kwa mikono miwili na kuunyanyua. Ukinyanyuka kirahisi, maana yake mzigo umeegemea nyuma, na tulipakua vyote tukaanza tena. Nilimchukia sana asubuhi hizo. Madumu ya maji ya lita ishirini, thelathini na kitu, unayashusha, unayapandisha, na mgongo ni wako.

Siku moja walifika yadini Wajerumani wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wakizunguka Afrika na nyumba yao ya kuvuta, yenye kitanda, sinki na mapazia. Walilalamika kwamba wakiteremka nyumba inacheza mkia mpaka gari zima linayumba. Mzee aliwaomba wafungue. Akakuta baiskeli, tangi la maji na makasha ya chakula, vyote vimerundikwa nyuma kabisa. Hakuhutubu. Alimbebesha yule baba debe la mahindi kifuani, akamwambia akimbie mpaka getini na kurudi. Kisha akamfungia debe lilelile kwa nyuma, likining'inia kiunoni, akamwambia akimbie tena. Yadi nzima ilicheka, na Mjerumani naye alicheka huku akiwa ameshaelewa. Walipanga upya siku hiyohiyo.

"Na likianza kucheza," aliwaambia, mimi nikitafsiri kwa Kiingereza changu cha jikoni, "usikanyage breki kwa hofu. Toa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani, liache likasirike mpaka lichoke."

Kuteremka alianza na gia ndogo akiwa bado juu, kabla mteremko haujamlazimisha. Tukifika lango la hifadhi alizunguka na kugusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono, kujua kama beringi imepata moto. Wageni waliokuwa wakisubiri vibali walimpiga picha wakidhani ni sala. Nilipomwambia alifikiri kidogo, akasema hawajakosea sana.

Porini alikuwa bahili wa maji kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Kikombe kimoja cha kunawa uso. Maji ya kuoshea vyombo yalikwenda kwenye shimo lililochimbwa mbali na njia ya mifugo. Nikiosha mchele mara mbili alisimama nyuma yangu akihema kwa sauti ili nijue ameona. Siku hiyohiyo aliyonigombeza kwa mchele, pale Nainokanoka kwenye nyanda za juu, alimpa mama mmoja wa Kimaasai dumu zima awanyweshe punda wake. Nikamuuliza ni haki gani hiyo.

"Mchele hauoni kiu," alisema.

Jenereta alilikataa katakata. Tulikuwa na paneli ya sola juu ya tela, na kila baada ya saa mbili aliacha lolote alilokuwa akifanya akaigeuzia jua, kwa uangalifu uleule alioanikia mahindi kwake. Alisema mtu aliyekuja porini na kelele zake angelala Karatu tu. Lakini yeye mwenyewe alikoroma vibaya sana, na asubuhi moja kiongozi aliulizwa na wageni ni mnyama gani yule aliyezunguka mahema. Kiongozi aliwajibu bila kucheka kwamba ni mnyama adimu, wa huku tu.

Kuni za msituni hakugusa. Matunda hakuruhusu yalale ndani ya hema, kwa kuhofia tembo. Na siku ya kuhama, tukishapakia kila kitu, alivua viatu akatembea pekupeku juu ya majani palipokuwa na kambi, akinilazimisha na mimi nivue, kutafuta vigingi vilivyosahaulika. Baridi ya kule juu asubuhi inakata nyayo. "Kesho ng'ombe watapita hapa," alisema. "Hapa ni kwa watu." Huyuhuyu, nyumbani kwake, alikuwa na stoo iliyovurugika kiasi kwamba mke wake aliniambia amekata tamaa ya kuipata meza yake ya harusi.

Ilimchukua miaka minne kuniruhusu nifunge tela mwenyewe. Asubuhi hiyo alikaa kwenye usukani, akanyoosha mkono dirishani na kunipa pini, bila maneno. Baba yangu mzazi hakuwahi kunipa kitu kwa namna ile. Tangu siku hiyo mimi nilifunga, yeye aliuliza neno moja kutoka dirishani, "Pini?" Nami nilijibu, "Ipo." Kisha tukaondoka. Kwa mtu aliyekuwa akigusa kila kitu kwa mkono wake, kuniuliza tu na kuamini jibu langu kulikuwa heshima kubwa, na nilijua hivyo.

Sasa nifike pale.

Tulikuwa tunavunja kambi Nainokanoka kuhamia upande wa Piyaya. Ukungu ulikuwa mzito, na kiongozi ametuita kwenye redio mara mbili kwamba wageni wameshatangulia. Nilikuwa nimelishusha tela kwenye ndoano, pini iko mdomoni. Wakaja wazee watatu wa Kimaasai kutuaga. Hapo niseme ukweli kuhusu tabia yangu. Nilikuwa najivuna kwa kujua desturi za watu. Madereva wengine waliwapungia wazee mkono kutoka dirishani. Mimi nilishuka, nikainamisha kichwa waniguse utosini kama vijana wao, nikauliza habari za ndama, za mvua, za watoto, kwa Kimaasai changu cha kuokoteza, na nilipenda wanavyonisifu. Huwezi kumwinamishia mzee kichwa ukiwa na chuma kati ya meno. Niliitoa, nikaitia mfuko wa koti.

Tulisalimiana kwa kirefu. Wakacheka, wakanibariki. Nikarudi mbio, nikafunga taya, nikaangika mnyororo wa usalama, nikalipiga tela kofi mbavuni kama kawaida.

"Pini?" mzee aliuliza dirishani.

"Ipo."

Na kweli ilikuwepo. Nilikuwa nayo mwenyewe.

Hatukufika mbali. Kwenye mteremko wa pili kulikuwa na shimo, gari likaruka, nikasikia chuma kikilia nyuma yetu. Taya lilifunguka, mkono wa tela ukachoma ardhi, mnyororo ukavuta kidogo na kukatika, na tela zima likapinduka upande wa bonde. Madumu yalipasuka, maji yakatiririka njiani. Juu kidogo ya pale walikuwa wamesimama wanawake wawili na punda wao, waliotupisha dakika hiyohiyo. Mzee alifunga gari breki, akaruka chini, akawakimbilia wale mama kwanza kabla hajalitazama tela. Hawakuwa wameumia. Mmoja alikuwa amekaa chini anatetemeka, mzee akachuchumaa mbele yake akamshika mikono.

Mimi niliingiza mkono mfukoni kutafuta simu, nikagusa kitambaa. Napenda kujiambia kwamba sikufikiri. Lakini nakumbuka niligeuka kwanza kuona kama mzee ananitazama. Hakuwa ananitazama. Nikaitupa pini kwenye majani marefu, mbali kadiri nilivyoweza.

Siku mbili baadaye tulisimama mbele ya tajiri pale yadini. Hakuwa mtu mkali, alitaka tu kujua. Nani alikuwa na pini? Mzee akasema kijana ndiye aliyefunga, na yeye alimuuliza. Tajiri akanigeukia. Nilikuwa na mke mjamzito na chumba cha kupanga, na kazi nyingine sikuiona popote. Hizo si sababu, nazitaja tu kwa kuwa ndizo zilizokuwa kichwani.

"Pini nilimpa mzee," nilisema. "Alisema ataiweka mwenyewe."

Mzee alinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatafuta kitu kichwani mwake, niliona kabisa anavyokitafuta.

"Lakini nilikuuliza dirishani," alisema polepole. "Ukasema ipo."

"Hapana, mzee. Siku ile hukuuliza. Tulikuwa na haraka."

"Sikuuliza?"

"Hukuuliza."

Nilikuwa sijawahi kumdanganya kwa miaka sita. Ningekuwa mwongo wa kawaida asingeniamini. Aliangalia mikono yake, kisha akamwambia tajiri, "Kama anasema hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mimi nitakuwa nimesahau."

Hakufukuzwa. Aliambiwa apumzike, umri umekwenda, na alikubali bila ubishi. Mchana huo alinikabidhi ufunguo wa gari la kambi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Asante kwa kusema ukweli. Bora tumejua mapema, kabla sijaua mtu."

Nilipokea ufunguo. Nikaendesha gari lile miaka minne. Nilifundisha wenzangu wageni wa kazi kupanga mzigo, kugusa beringi, kutembea pekupeku, na kuweka pini mdomoni, nao wakanisifu kwamba mimi ni makini. Kila mmoja alipoitia ile pini kati ya meno nilitazama pembeni.

Habari zake zilinifikia kidogokidogo, nami sikuziuliza. Kwamba ameacha kuendesha trekta la ndugu yake. Kwamba hashiki tena ufunguo wa nyumba, anaogopa kuupoteza. Alikuwa msomaji wa masomo kanisani, akajitoa, akasema asije akaruka mstari wa Mungu. Yote hayo niliyameza. Kilichonishinda ni neno la jirani yake mmoja aliyekuja kutengenezewa tairi yadini. Alisimulia kama jambo la kuchekesha kwamba mzee amekataa kumvusha mjukuu wake korongoni kwenda shule ya awali, akisema, "Nitamwacha huko na nitarudi nyumbani nikidhani nimemfikisha."

Nilikwenda Jumamosi iliyofuata. Ilikuwa wakati wa mavuno, na nilimkuta uani amekaa kwenye gunia akipukuchua mahindi, amevaa koti lilelile la kambini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu, mtu wa Moshi. Umenenepa."

Nilikataa kiti. Nilijua nikikaa sitasema. Nilimwambia nikiwa nimesimama, yote: kwamba aliniuliza, kwamba nilijibu ipo, kwamba pini ilikuwa mfukoni mwangu kwa sababu ya kusalimia wazee, kwamba niliitupa majanini, kwamba mbele ya tajiri nilisema uongo mara mbili.

Aliacha kupukuchua.

"Niliuliza?"

"Uliuliza, mzee."

"Nikiwa kwenye usukani. Nikasema, pini."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo sikusahau."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa hata nimejiandaa kusamehewa, nikiwa njiani nilipanga hata machozi. Yeye alikuwa anatabasamu. Uso ulimfunguka kabisa, akaita kuelekea jikoni, "Mama, njoo. Njoo usikie. Sikusahau." Mke wake alitoka akifuta mikono kwenye kanga, na ikabidi nirudie mbele yake. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Miaka minne huyu analala akiniuliza kama amefunga mlango," alisema. "Mara tatu kila siku."

Akaingia ndani, akatoka na chai, kwa sababu mgeni ni mgeni, akaweka kikombe changu chini bila kunitazama. Tukanywa. Mzee aliongea vizuri, akaniuliza habari za barabara ya Soitsambu, za yule kiongozi, za mtoto wangu. Akaokota hindi lingine, akapukuchua nusu, akainua kichwa.

"Hivi ile pini," aliniuliza kwa upole, "mlikuja kujua ilipotelea wapi?"

Nilidhani ananitania. Nilicheka kidogo. Kisha nikamwona mama hacheki.

"Imeanza mwaka jana," alisema mama. "Hii sasa ni ya kweli. Nilitaka tumpeleke hospitali mapema, akakataa. Alisema ni ileile ya siku zote, imemwanza tangu siku ya tela, hakuna haja ya kumsumbua daktari." Akavuta kigoda akakaa mbele yangu. "Mwambie tena."

Nikamwambia tena. Safari hii ilikuwa ngumu zaidi, maana sasa nilijua ninachokisimulia. Nilipofika kwenye majani nikasema pini ilidondoka.

"Ilidondoka?" mama aliuliza.

"Niliitupa," nilisema.

Mzee alisikiliza kama anasikia kwa mara ya kwanza, na kwake ilikuwa ya kwanza. Akauliza kama aliuliza dirishani, nikasema aliuliza. Akasema, "Kwa hiyo sikusahau," na uso ukafunguka vilevile. Lakini mara hii hakumwita mama. Alikaa akiligeuzageuza hindi mkononi.

"Kwa nini ulisema vile?"

"Niliogopa kufukuzwa, mzee. Mke wangu alikuwa mjamzito."

Akatikisa kichwa taratibu, akinisikitikia mimi.

"Ungeniambia mimi tu, pembeni," alisema. "Ningewaambia ni mimi niliyesahau. Kazi ungebaki nayo, na mimi ningekuwa najua."